Samaki wa Bahari Amefika Lubumbashi na Hataki Kula: Mwongozo Kamili

Samaki wa bahari wa mapambo anayeshushwa Lubumbashi ili afugwe kwenye tangi ametoka mbali. Huenda alinaswa kwenye miamba ya Kilifi au Shimoni, pwani ya Kenya; huenda alitoka Indonesia. Kwa msafirishaji alinyimwa chakula makusudi ili asichafue maji ya mfuko. Kisha akafungwa gizani ndani ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni, akapakiwa ndegeni, akashushwa, akasubiri karatasi za forodha, akapakiwa tena. Bahari iliyo karibu nasi iko zaidi ya kilomita elfu moja. Samaki huyo akikataa chakula siku ya kwanza, si ukaidi. Mwili wake bado unapigania mambo mengine.

Mwenye tangi naye anaogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu samaki mdogo wa miamba hana akiba kubwa mwilini. Basi anatupa punje kavu. Zikipuuzwa anatupa kamba, kamba wakipuuzwa anatupa vyote kwa pamoja. Kufika jioni maji yana amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu na chakula kinachooza, na samaki aliyekuwa amechoka tu sasa anaumwa kweli. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio huu: maji kwanza, utulivu pili, ugonjwa tatu, chakula nne. Hata chakula bora kuliko vyote hakitaliwa na samaki ambaye matamvua yake yanaungua.

Kabla hujalipa

Mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako. Usitosheke na maneno kwamba "anakula vizuri". Umwone akifuata chakula, akikimeza na asikiteme. Kisha mtazame kwa mbele, uso kwa uso. Samaki mwenye afya ana mgongo uliojaa. Aliyeshinda njaa muda mrefu ana mgongo mkali kama kisu nyuma ya kichwa na tumbo lililoingia ndani. Tumbo pekee hujaa baada ya mlo mmoja, lakini nyama ya mgongo ikishaliwa na njaa huchukua majuma kurudi, na mara nyingi hairudi. Huyo mwache, hata ukimhurumia.

Uliza pia alikovuliwa na jinsi alivyovuliwa. Ufilipino tangu miaka ya 1960, na baadaye Indonesia, kumekuwa na wavuvi wanaotumia sianidi kuwalewesha samaki wa mapambo. Samaki wa namna hiyo anaweza kuonekana mzuri dukani, akala hata, kisha akadhoofika na kufa bila sababu inayoonekana. Aliyenaswa kwa wavu ana mwanzo bora zaidi.

Wapo samaki ambao mbinu zote za mwongozo huu hazitawasaidia, na ni lazima niseme wazi. Kati ya vitatange, wale samaki bapa wa miamba wenye rangi nyingi, Chaetodon trifascialis na Chaetodon meyeri huishi kwa kula matumbawe hai. Kuwanunua ni kuwahukumu kifo. Zanclus cornutus, yule mwenye pezi refu la mgongoni na milia myeusi na ya manjano, hula hasa sponji za bahari, na wachache sana huishi muda mrefu kwenye tangi. Synchiropus splendidus, samaki mdogo mwenye rangi za kupendeza kupita kiasi, hudonoa wadudu wadogo wa mwambani mchana kutwa. Bila tangi kubwa lililokomaa atakonda mbele ya macho yako. Ukipenda vitatange, anza na Chaetodon auriga, Chaetodon lunula, Chaetodon kleinii au Heniochus acuminatus. Hao pia hugoma siku za mwanzo, ila hukubali kufundishwa.

Tangi la kumpokelea

Samaki mgeni asiingie moja kwa moja kwenye tangi kubwa lenye wenyeji. Mwandalie tangi la karantini la lita 60 hadi 100, au zaidi kama ni samaki mkubwa anayependa kuogelea. Ndani yake weka hita, pampu ya hewa, chujio la sifongo, na vipande vya bomba la plastiki la kujifichia. Hilo sifongo liwe limekaa majuma kadhaa kwenye tangi kubwa ili libebe bakteria wanaokula amonia. Sifongo jipya kutoka dukani halina uhai wowote, na amonia itapanda siku ya pili tu. Funika juu kwa wavu, kwa kuwa samaki wengi huruka wanaposhtuka. Bandika karatasi pande tatu za kioo. Samaki akiona watu wakipita pande zote hawezi kutulia.

Kuhusu maji, mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na shaba bado imo ardhini na kwenye vumbi. Kiasi kidogo cha shaba ambacho mtu hakihisi kinaweza kuua matumbawe na kamba wa akwariamu. Basi usichanganye chumvi kwenye maji ya kisima yasiyochujwa, wala usikinge maji ya mvua kutoka kwenye mabati ukidhani ni masafi. Maji ya bomba nayo yana klorini. Tumia maji yaliyopitia chujio la osmosisi, kisha changanya chumvi maalumu ya akwariamu, siyo ya jikoni, uache pampu izungushe maji mpaka yawe angavu kabisa. Vipimo unavyovitaka ni joto la nyuzi 24 hadi 26, pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 8.0 na 8.4, amonia sifuri, nitriti sifuri. Weka daima akiba ya maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa, angalau nusu ya ujazo wa karantini. Siku utakayoyahitaji hutakuwa na muda wa kusubiri.

Kipimo cha chumvi, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, baharini ni karibu 1.025. Wasafirishaji wengi, hata hivyo, huwaweka samaki kwenye maji mepesi zaidi, kama 1.019. Mpigie muuzaji simu siku moja kabla, uulize kipimo chake, uweke karantini iwe sawa. Samaki huvumilia kushuka kwa chumvi kuliko kupanda. Akipandishwa ghafla anakaukiwa maji mwilini ingawa yumo majini, na mwenye hali hiyo hawezi kutamani chakula. Ukishamtuliza, pandisha polepole, isizidi 0.002 kwa siku.

Saa ya kumfungua

Hapa ndipo wema mwingi huua. Wengi tumefundishwa kumdondoshea samaki maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili ili "azoee". Kwa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili ni sawa. Kwa aliyesafiri siku nzima au zaidi, ni hatari.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki anapumua na kutoa kaboni dioksaidi, nayo inashusha pH. Wakati huohuo anatoa amonia, lakini pH ikiwa chini sehemu kubwa ya amonia hiyo hukaa katika hali isiyomdhuru sana. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda haraka, na amonia ileile inageuka kuwa sumu ndani ya dakika chache. Ukianza kudondosha maji ya tangi yenye pH ya juu, unaharakisha jambo hilo huku samaki amekaa humo humo.

Fanya hivi. Zima taa ya tangi na upunguze mwanga wa chumba. Acha mfuko, ukiwa umefungwa, uelee kwenye maji ya karantini dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Fungua, pima chumvi ya mfuko mara moja. Kama imekaribiana na ya tangi, mhamishe samaki papo hapo. Mkinge kwa chombo cha plastiki kuliko wavu, maana miiba ya mapezi na ya mashavuni hunasa kwenye wavu na mdomo huchubuka, na samaki aliyechubuka mdomo hawezi kula. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie tangini hata kidogo.

Siku za mwanzo: mwache

Siku ya kwanza usimlishe. Acha taa imezimwa au iwe hafifu sana, usimchungulie kila dakika, usigonge kioo, watoto wasikimbie mbele ya tangi. Kaa mbali uangalie mambo matatu: anavyopumua, anavyosimama majini, na kama ameanza kutoka mafichoni. Pumzi za haraka saa chache za kwanza ni za uchovu. Zikiendelea siku ya pili, pima amonia kabla ya kufikiri jambo lingine.

Wapo ambao hutoweka kabisa. Macropharyngodon bipartitus, samaki mzuri anayetoka upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, hujizika mchangani akiogopa na anaweza kukaa huko siku kadhaa. Watu hufukua mchanga wakidhani amekufa. Tafadhali usifukue. Mwekee bakuli pana la mchanga laini wenye kina cha sentimita tano au zaidi na umwachie amani yake. Atatokea akiwa tayari.

Siku ya pili jaribu chakula kidogo mno, kiasi cha ncha ya kisu, mara mbili au tatu. Kisicholiwa baada ya robo saa kivutwe nje kwa mpira mwembamba. Hili ndilo jambo ambalo watu hulifanyia uvivu, nami naliona kuwa zito kuliko aina ya chakula chenyewe. Chakula kinachooza chini ya tangi dogo kinarudisha amonia, na amonia inaondoa hamu iliyokuwa inaanza kurudi.

Muda wa kuvumilia hutegemea samaki. Mwindaji mkubwa, kama chewa, mkunga au Pterois mwenye mapezi ya miiba, anaweza kukaa majuma bila kula na asidhurike. Kangaja, samaki mla mwani, hula mchana kutwa baharini, kwa hiyo siku nne au tano bila kitu ni nyingi kwake. Wadogo wanaokula wadudu wa majini, kama Pseudanthias, wana siku chache tu. Kwa hao usisubiri. Anza na chakula hai tangu siku ya pili.

Je, anaumwa?

Maji yakiwa mazuri, chumba kimetulia, na bado anageuza uso, mchunguze kwa tochi ndogo ukiwa umesimama pembeni. Vidoto vyeupe kama punje za chumvi ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Vumbi laini la rangi ya dhahabu pamoja na kupumua kwa kasi ni kimelea kingine, Amyloodinium, na samaki huyo hutakiwi kumsubiri ale: anatibiwa siku hiyohiyo, maana anaweza kufa kesho. Kujikuna kwenye mabomba, kutikisa kichwa na macho yenye ukungu mara nyingi ni minyoo bapa ya ngozi na matamvua. Kinyesi cheupe chenye kurefuka kama uzi, kwa samaki anayekonda, hufanya mtu ashuku vimelea vya tumboni.

Minyoo bapa ndiyo inayosahauliwa sana, na mara nyingi ndiyo inayozuia hamu ya kula. Kwa bahati, dawa yake ni praziquantel, ileile inayotolewa kwa kichocho, na inapatikana kwenye famasi zetu. Kipimo cha karantini ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita, yaani karantini ya lita 100 inahitaji miligramu 200 hadi 250, chini ya nusu ya kidonge cha miligramu 600. Saga kiwe unga, koroga kwenye maji ya vuguvugu, mimina polepole, ongeza hewa kwa sababu maji huwa na ukungu, toa mkaa kwenye chujio, iache siku tano hadi saba. Kuzamisha samaki kwenye maji yasiyo na chumvi kwa dakika tano pia huangusha minyoo mingi na kukuthibitishia kuwa ilikuwapo, kwa sharti kwamba maji hayo hayana klorini, yana joto lilelile, na pH yake imepandishwa kwa bikaboneti hadi ilingane na ya tangi. Samaki akilala ubavu na kupoteza nguvu, mtoe mara moja.

Dawa ya shaba ni jambo tofauti. Inatibu Cryptocaryon na Amyloodinium, lakini inapunguza hamu ya kula waziwazi. Wanaomwagia shaba kila mgeni siku ya kwanza kwa tahadhari tu wanamwongezea mzigo. Kama hakuna dalili, mfundishe kula kwanza, umtibu baadaye akiwa na nguvu.

Chakula cha kwanza

Samaki wa porini hajui kwamba punje kavu ni chakula. Hajawahi kuiona. Anachokijua ni kitu kinachocheza, chenye harufu ya bahari, kinachotoka mahali anapozoea kutafuta. Basi mpe kimoja kati ya hivyo vitatu, au vyote.

Kinachocheza, kwa sisi tulio mbali na bahari, ni artemia, kamba wadogo mno wa maji ya chumvi. Mayai yake makavu hukaa muda mrefu kwenye kopo lililofungwa, na ukiwa nayo huhitaji kumtegemea muuzaji yeyote. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, igeuze mdomo chini baada ya kukata kitako, weka lita moja ya maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi, gramu moja au mbili za mayai, na hewa kali kutoka chini. Kwa joto la nyuzi 26 hadi 28 na mwanga, wataanguliwa baada ya kama saa 24 hadi 36. Zima hewa, subiri dakika kumi: maganda yanaelea juu, watoto wa rangi ya chungwa wanashuka na kufuata mwanga wa tochi. Wavute kwa mpira kupitia kitambaa laini, wasuuze, walishe siku hiyohiyo, kwa sababu kiini cha yai kikiisha mwilini mwao wanabaki na lishe ndogo. Maganda yasiingie tangini.

Watoto hao ni wadogo mno kwa kitatange au kangaja. Kwa samaki wa kiasi hicho wakuze artemia kwenye ndoo ya maji ya chumvi kwa majuma mawili au matatu ukiwapa kidogo unga wa spirulina (mwani mdogo uliokaushwa), maji yawe na ukijani mwepesi tu. Artemia mkubwa ana maji mengi na lishe kidogo, kwa hiyo saa chache kabla ya kumlisha samaki, waongezee artemia spirulina tena ili matumbo yao yawe yamejaa.

Njia nyingine ya hapa kwetu ni mabuu ya mbu. Ndoo ya maji yenye majani machache ikiachwa kivulini inajaa mabuu upesi, na jinsi wanavyojinyonganyonga majini huwaamsha hata samaki waliokata tamaa. Hawatoki baharini na hawaishi muda mrefu kwenye chumvi, lakini wanacheza dakika za kutosha. Ila sikiliza vizuri: tunaishi na malaria. Ndoo hiyo ichujwe kila baada ya siku mbili au tatu bila kukosa, juu ifungwe wavu mara mabuu wanapoonekana, na kama utasafiri, imwage. Kama huna hakika kwamba utafuata hayo, achana na mabuu, ubaki na artemia.

Harufu ya bahari tunaipata kwenye friza za madukani. Nunua kamba wa baharini, wale kosakosa wadogo wasiopikwa, wasio na viungo wala limau; kome walioganda; ngisi; kipande cha samaki mweupe wa baharini. Thomson, yule samaki wa friza anayeuzwa kila mahali, ana mafuta mengi, atachafua uso wa maji, kwa hiyo mweke kando. Kapenta (dagaa) wakavu wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wana chumvi iliyokolea na wamekauka sana, mgeni hatawagusa. Mkate na bukari (ugali) havina nafasi hapa. Katakata kamba kwa wembe hadi vipande vilingane na jicho la samaki, siyo mdomo. Watu hukata vipande vikubwa, samaki anadonoa, anatema, nao wanasema hapendi. Kudonoa na kutema ni habari njema: ametambua kuwa ni chakula. Punguza ukubwa.

Kitunguu saumu kinasifiwa kupita kiasi. Matone ya maji yake juu ya kamba yanaweza kumvutia samaki, na sioni ubaya kujaribu, lakini hakitibu vidoto vyeupe na hakiokoi samaki aliye kwenye maji mabaya.

Sasa namna ya kutoa. Punguza mkondo wa maji bila kuzima hewa. Yeyushia chakula kwenye kikombe cha maji ya tangi, kichuje, umwage ule utomvu. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mpira mwembamba mrefu mbele yake, usukume vipande vichache vipite polepole mbele ya maficho yake, siyo usoni pake. Chakula kinachomrukia usoni kinamtisha. Kisha ondoka. Samaki wengi hula mara ya kwanza mwenye nyumba akiwa ameshatoka chumbani. Rudia mara tatu hadi tano kwa siku, kidogo kidogo, saa zilezile.

Kila samaki na njia yake

Kitatange mwenye mdomo mrefu hutafuta kwenye nyufa. Usimtupie chakula kikielea. Chukua ganda la kome, panda ndani yake nyama ya kome na kamba iliyosagwa na kugandishwa kwa jelatini, uliweke chini karibu naye. Kipande cha tumbawe lililokufa chenye matundu hufanya kazi hiyohiyo: paka mchanganyiko ndani ya matundu. Ataanza kwa kulizunguka, kisha atadonoa mara moja, kisha utamsahau siku moja na kukuta ganda limebaki tupu.

Kangaja anataka mwani. Karatasi kavu za mwani zinazouzwa kwa wanaopika vyakula vya Asia zinafaa, mradi hazina mafuta wala viungo. Usimning'inizie kwenye kioo siku ya kwanza kwa kile kibanio cha plastiki. Hajui kibanio ni nini. Funga kipande kwa uzi kwenye jiwe bapa, ulilaze mahali anapopita. Majani ya mboga za bustani yaliyochovywa kwenye maji moto yanaweza kumshawishi adonoe, lakini hayachukui nafasi ya mwani.

Pterois mara nyingi hatambui kitu kisichotembea. Anza na kamba hai wadogo, kisha shika kipande cha kamba kwenye ncha ya kijiti kirefu cha plastiki, ukitikise polepole mbele yake. Usimpe samaki wadogo wa maji yasiyo na chumvi kama chakula cha kila siku. Lishe yao haimfai. Na mkono wako usiingie tangini: miiba yake ina sumu, na akikuchoma, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, ukielekea hospitali.

Pseudanthias anajifunza kwa kuona wenzake. Mweke pamoja na samaki mpole anayekula vizuri, ambaye naye ni mzima. Mwenzake akirukia chakula, mgeni atafuata, ilimradi mwalimu huyo asiwe mchokozi. Ukiona anamfukuza mgeni, tenganisha kwa kisanduku cha plastiki chenye matundu, waonane bila kugusana.

Kumtoa kwenye chakula hai

Akishakula artemia hai siku mbili tatu mfululizo, usistarehe. Artemia pekee hawamtoshi. Asubuhi, anapokuwa na njaa zaidi, changanya artemia hai wengi na kamba walioganda wachache, waingie pamoja kwenye mkondo uleule. Katika msisimko wa kufuata wanaocheza atameza na wasiocheza. Kila siku ongeza hawa na upunguze wale. Uduvi walioganda wa aina ya misisi ni bora kuliko artemia kwa lishe; ukiwapata, wafanye chakula chake kikuu. Matone ya vitamini yaongezwe mara mbili au tatu kwa juma, na aina za nyama zibadilishwe, kwa sababu kuna samaki na kome wenye kemikali inayoharibu vitamini B1. Anayelishwa kitu kimoja tu kwa miezi hudhoofika huku tumbo limejaa. Punje kavu zije mwisho, zikiwa zimelowekwa kwenye maji ya kamba.

Umeme, friza na baridi

Umeme ukikatika, usilishe. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi, na mabaki yanaoza bila chujio. Lisha saa ambazo mtaa wako huwa na umeme, na uwe na pampu ya hewa ya betri iliyojaa. Chakula cha friza kigawe kwenye vifuko vidogo, ukizungushie chupa za maji yaliyoganda. Kilichoyeyuka kabisa na kuganda tena kitupwe, hata kama kilikuwa cha bei.

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hita moja ndogo haitoshi, na umeme ukikatika usiku karantini ya lita 60 inapoa haraka. Ivike blanketi au shuka la sifongo, acha upande wa juu wazi kidogo kwa hewa, na uweke ndani chupa zilizofungwa za maji ya moto ukizibadilisha. Samaki aliyepoa hadi nyuzi 20 hatakula, na hakuna chakula kitakachombembeleza. Kama waweza kuchagua, usiagize samaki wagumu katika miezi hiyo.

Kumpeleka tangi kubwa

Asihame siku aliyokula mara ya kwanza. Subiri awe anakula mbele yako, mara kadhaa kwa siku, bila kutema, na mgongo wake umeanza kujaa. Karantini yenyewe isipungue majuma manne. Kisha panga upya mawe machache ya tangi kubwa ili wenyeji wapoteze mipaka yao, umweke mgeni ndani ya kisanduku chenye matundu siku mbili au tatu, umlishe humo humo chakula alichokizoea. Siku utakayomwachia, lisha wenyeji upande mmoja kwanza mpaka washughulike, kisha mpe yeye upande wa pili kwa bomba lilelile la sindano. Kangaja mwenyeji ndiye wa kuangaliwa zaidi; akimshambulia mgeni, huyo mwenyeji ndiye anayeingia kisandukuni kwa siku chache, mgeni abaki nje akila.